Robo ya Mzee na Kifuniko cha Plastiki

Mafundi wenzangu wa gereji yetu ya Gerezani, siku mliponiaga mliniomba niwaandikie mambo ya kazi, eti yasije yakaondoka na mimi. Nilikubali haraka kwa sababu nilikuwa na soda mkono mmoja na keki mkono wa pili, na mtu wa namna hiyo hukubali chochote. Nilipokaa nyumbani na daftari nikagundua kuwa kitu pekee nilicho nacho cha kuandika ni hasira. Nina hasira na plastiki. Nina hasira na watu waliochukua injini ya lori, kitu kinachovuta kontena kutoka bandarini hadi nchi ya watu, wakaifunika kwa malighafi ileile ya beseni la kufulia. Na nina hasira nyingine inayomhusu Rajabu, dereva aliyepoteza kazi hapa kwa maneno yaliyotoka mdomoni mwangu. Wengi wenu hamkumkuta. Mmesikia tu kwamba kulikuwa na dereva aliyeua injini mlimani Kitonga. Jina la mtu huyo limechafuka, na karatasi hii ni ya kulisafisha, ila siwezi kulifikia bila kuanzia mbali kidogo. Nivumilieni.

Kuhusu mshahara na vyeo sina la kuwaambia. Mshahara mnaujua, na cheo hakijawahi kulegeza nati.

Siku ya kwanza nilimkuta Bwana Dilip amekaa nyuma ya meza yake, juu ya kichwa chake picha ya mungu wao yenye shada la maua, udi unafuka. Alikuwa kijana bado, ndiyo kwanza amepokea malori kutoka kwa baba yake. Hakuniuliza cheti. Aliniuliza kama naogopa kuchafuka. Nikasema siogopi, akanyoosha kidole kwenye shimo tunalofanyia kazi chini ya lori, akasema, "Nenda kamwone mzee mle ndani. Akikukubali yeye, mimi nimekubali."

Mle shimoni alikuwamo Mzee Nandonde, Mmakonde wa Newala, mfupi, mwenye chale usoni na vidole vinene kama mihogo. Wiki nzima hakunipa spana. Alinipa ndoo ya dizeli iliyojaa bolti na nati, nizioshe. Nikimaliza ananiambia nifumbe macho, ananiwekea moja kiganjani.

"Namba ngapi hiyo?"

"Kumi na saba, mzee."

"Na hii?"

"Kumi na tisa."

"Kumi na nane. Osha tena zote."

Nilimchukia kwa moyo wangu wote. Lakini ilipofika mwezi wa pili nilikuwa naingiza mkono mahali ambapo jicho haliingii, nyuma kabisa ya injini, na mkono unaniletea habari kamili: namba ya bolti, imelegea kiasi gani, imeliwa wapi. Mzee alisema mkono ndio kipimo, vingine vyote ni mapambo. Nikaamini hivyo, na kwa miaka mingi sikuona sababu ya kuacha kuamini.

Kwake ndiko nilikojifunza desturi mliyoikuta hapa, ile tuliyoiita robo ya mzee. Fundi yeyote akimaliza kufunga injini, kazi ilikuwa haijaisha. Ilikuwa lazima Mzee Nandonde apite na spana yake, bolti moja baada ya nyingine, kila moja aiongezee robo mzunguko. Hakuwa anakagua. Hata kama umekaza mpaka mishipa ya shingo imekutoka, robo yake ilikuwa palepale. "Chuma kinataka kuambiwa mara mbili," alisema. Lori ambalo halijapata robo halikutoka getini, na madereva walijua. Walikuwa wanauliza kabisa, "Mzee ameshapita?" kabla hawajapanda.

Spana yenyewe ilikuwa ile inayofunguka na kufunga kwa kidole, ambayo mafundi wote wa mji huu wanaiita spana malaya. Samahani kwa jina, sikulitunga mimi. Mzee aliwahi kuitumia kama nyundo, jino lake likameguka pembeni, pakabaki ncha ndogo kali ya chuma. Basi kila bolti iliyopata robo ilibaki na mchoro mwembamba kichwani, ubavu mmoja. Lori likirudi baada ya mwaka, ukifungua injini ukaona ule mchoro, unajua hii ilipita kwa mzee. Mara moja kwa mwaka, siku yao ya kuviombea vyombo vya kazi, Bwana Dilip alikuwa anashuka ofisini na sinia, anaweka maua kwenye malori na doa jekundu kwenye vyombo. Spana ile ilikuwa ya kwanza kupata doa. Mzee Nandonde, Muislamu safi, alikuwa anaangalia pembeni na kukohoa, lakini doa halifuti.

Mzee alipozeeka akarudi Newala, hakuniachia hotuba. Aliniachia spana. Tangu siku hiyo robo ikawa yangu.

Sasa niwaambieni habari za chuma, maana ninyi mmekuja mwishoni mwa karamu. Chuma kilikuwa na adabu. Kabla hakijavunjika kilikuwa kinakuambia. Kinatoa jasho la oili wiki nzima, kinabadili sauti, kinatetemeka mahali ambapo jana hakikutetemeka. Dereva mwenye macho na masikio alikuwa anarudi gereji anasema, "Fundi, huyu mnyama analalamika," na tulikuwa na muda wa kumsikiliza. Nakumbuka lori moja lililopasuka nyumba ya pampu ya maji, ufa wa kuingiza ukucha. Nilibeba kile chuma begani mpaka kwa wachomeleaji kule karibu na reli. Yule mchomeleaji alikipasha moto juu ya mkaa mpaka kikawa chekundu, akakichomelea polepole, akakifukia kwenye majivu kipoe chenyewe. Alasiri nilikirudisha. Lori lile liliuzwa baadaye kwa mtu wa Morogoro, na mpaka nastaafu nilikuwa naliona likipita na ule mshono wake, linapakia mchanga.

Halafu yakaja malori mapya. La kwanza lilipoingia getini, Bwana Dilip alituita wote tulitazame kama bibi harusi. Niliinua kichwa cha lori, nikatazama, nikauliza injini iko wapi. Nikaambiwa iko chini ya lile beseni. Kifuniko cha juu plastiki, mabomba ya maji plastiki, rejeta kichwani na miguuni plastiki. Hata sampu ya oili, kitu kinachokaa chini kabisa na kupigwa mawe yote ya barabarani, plastiki! Nikagonga kwa kidole, ikajibu kama ndoo tupu. Nilijisikia kutukanwa. Nasema kweli, nilijisikia kana kwamba mtu fulani mahali fulani, aliyekaa kwenye kiti cha kuzunguka na ambaye hajawahi kupanda Kitonga na tani thelathini mgongoni, amenitukana mimi na Mzee Nandonde na yule mchomeleaji wa relini.

Mwaka haukuisha tukaanza kuvuna. Tangi la maji lilikuwa jeupe likawa la njano, kisha likapasuka. Bomba la maji nilipolishika kulichomoa lilivunjikia mkononi kama biskuti. Nikachukua vipande, nikaenda navyo madukani Kariakoo kama nilivyozoea kwenda na chuma. Kijana wa dukani hakuinua hata uso kwenye simu yake.

"Shikamoo mzee wangu. Hiyo hairekebishiki, hiyo ya kubadili tu."

"Marahaba. Nani kakuambia hairekebishiki?"

"Mzee, plastiki hiyo. Utachomelea na nini, na pasi?"

"Basi nipe nyingine."

"Originali haipo, mpaka tuagize. Hii hapa ya kawaida ipo, kali kinoma."

Ile kali kinoma ilimaliza miezi miwili. Na hapo ndipo ninapowaambia, hasira yangu haikuwa ya uzee. Fundi aliyekuwa anatengeneza amegeuzwa kuwa mtu wa kubadilisha. Kitu kikifa hakikuachii hata maiti ya kuchunguza. Kinapasuka tu, kwaheri.

Wakati huo ndipo alipoajiriwa Neema. Wote mnamjua, sasa ndiye fundi mkuu wenu. Alitoka chuo cha ufundi akiwa na sanduku jembamba, na ndani yake spana ya kipimo, ile unayoiwekea namba na ikifika kiwango inalia "ta" kukuambia acha. Nilimcheka mbele ya watu. Nikasema spana inayomwambia fundi acha ni spana ya mtu asiye na mkono. Yeye alicheka pia, halafu akaendelea kuitumia, jambo lililoniudhi zaidi kuliko kama angejibu. Siku moja nilipokuwa natukana plastiki kama kawaida, alisema taratibu huku anafuta mikono, "Ila mzee, na chuma nacho kilikuwa kinaota kutu. Si mlikuwa mnakimwagia maji ya bomba kwenye rejeta?" Ni kweli tulikuwa tunamwaga maji ya bomba. Nikaenda kunywa chai.

Sasa Rajabu.

Rajabu alikuwa dereva wetu wa safari za mpakani. Mtu wa Lindi, mpole, hanywi, halali akiendesha, anaosha kioo mwenyewe hata kama utingo yupo. Lori lake lilikuwa moja ya yale mapya. Kabla ya safari ile lilifanyiwa sevisi hapa, Neema akabadilisha oili na filta. Filta ya injini zile inakaa ndani ya kikombe, na juu yake kuna kifuniko kikubwa cha plastiki nyeusi chenye kichwa cha pembe sita. Neema alikikaza kwa spana yake, ikalia, akaenda kula. Mchana ule mimi nilipita na robo yangu, kama nilivyopita kwa kila lori, na hakuna aliyelitazama jambo hilo, kama vile hakuna anayemtazama mtu akizima taa. Rajabu aliniuliza, "Fundi, umeshapita?" Nikamwambia nimeshapita. Akaenda bandarini kupakia.

Kesho yake saa sita mchana akapiga simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetembea.

"Fundi, injini imenifia hapa Kitonga. Oili yote iko chini, barabara nzima."

"Taa ya oili haikuwaka?"

"Imewaka nikazima palepale. Wallahi fundi, hata kona sikuimaliza."

Nilikwenda na pikapu. Nilimkuta ameshaweka mawe kwenye matairi na matawi barabarani nyuma na mbele, kila kitu kama inavyotakiwa, ameketi kwenye ukingo wa barabara, ovaroli yake imelowa oili mpaka magotini kwa sababu alikuwa ameingia chini kutazama. Kifuniko cha filta kilikuwa kimepasuka kuanzia kwenye pembe ya kichwa mpaka kwenye meno ya kufungia. Injini ilikuwa imenoki, imeshikana ndani, krenki haigeuki hata kwa bomba refu. Nikakitia kile kifuniko mfukoni. Hasira niliyokuwa nayo njia nzima ya kurudi ilikuwa, nisamehe Mungu, hasira ya furaha. Nilikuwa nimepata ushahidi.

Ofisini Bwana Dilip alikiweka kifuniko mezani, akanitazama mimi, akamtazama Rajabu aliyesimama mlangoni na kofia mkononi. Madereva wengine walikuwa wamejaa kibarazani wanasikiliza.

"Plastiki imepasuka, sawa, nimeelewa," akasema. "Sasa Fundi, niambie wewe, umekaa na injini umri wako wote. Taa ikiwaka, dereva akazima palepale, injini inakufa?"

Hilo lilikuwa swali moja tu. Na mimi, mtoto wa ndoo ya dizeli, nilijibu kwa akili ya chuma. Katika maisha yangu yote injini ilikuwa inavuja kwanza. Inavuja leo, inavuja kesho, dereva asiyekagua ndiye anayeumbuka. Nikasema, "Injini ya lori haifi kwa dakika moja, bosi. Dereva akiwa macho inapona."

Rajabu hakumtazama bosi. Alinitazama mimi. "Na wewe, Fundi?" akasema. Maneno hayo tu.

Asubuhi barua yake ya kufukuzwa kazi ilikuwa kwenye ubao wa matangazo, juu ya meza ya birika la chai, jina lake kamili na neno uzembe, ili madereva wote wasome. Ilikaa pale mpaka ikawa ya njano. Mji huu wa malori ni mdogo kuliko mnavyodhani. Alikwenda kila kampuni na leseni yake safi, na kila alikokwenda barua ilikuwa imeshafika kabla yake kwa midomo ya watu: huyu ndiye aliyeua injini Kitonga. Mwishowe akapata kirikuu cha mtu, kigari kidogo cha mizigo, akawa anabeba majora ya vitambaa na masanduku ya vyombo hapa Kariakoo. Mtu aliyekuwa anashusha kontena milimani, sasa anapigiwa honi na maguta ya miguu mitatu. Nilikuwa nakutana naye Mtaa wa Msimbazi. Ananiamkia, "Shikamoo Fundi." Naitikia marahaba na kutazama madukani kana kwamba kuna kitu nanunua. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Kile kifuniko nilikiweka kwenye sanduku langu la vyombo. Kila fundi mpya aliyekuja nilikitoa nikamwonyesha. Ninyi wote nimewaonyesha, msikatae. "Hiki ndicho kilichoua injini. Mtazameni adui." Hotuba hiyo nilikuwa naipenda kuliko chakula.

Siku mliponiaga niliitoa mara ya mwisho. Mkapokezana kile kifuniko, mkacheka, mkarudi kwenye pilau. Neema hakukirudisha. Alisimama nacho mlangoni kwenye mwanga, anakigeuza. Watu walipotawanyika alinifuata kule kwenye benchi la kazi. Alianza kwa kuniamkia upya, wakati asubuhi alikuwa ameshaniamkia, nikajua kuna neno.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kulikoni?"

"Naomba ile spana yako, mzee. Na unisamehe."

Nikampa. Akaifungua kidogo, akaiweka kwenye kichwa cha kile kifuniko, pembe juu ya pembe. Kwenye ubavu mmoja wa plastiki kulikuwa na mfereji mwembamba, na ile ncha ya jino lililomeguka iliingia ndani yake na kutulia kabisa. Ufa ulikuwa unaanzia hapohapo, kwenye mfereji. Nyani haoni kundule. Mimi nililibeba kwenye sanduku, nikawa nalitoa na kuwaonyesha watu.

Neema akageuza kifuniko, akapangusa juu kwa kidole gumba. "Soma hapa mzee." Kulikuwa na namba. Ishirini na tano. Imechongwa kwenye plastiki yenyewe, kipimo cha kukazia, mwisho wake. Imeandikwa nyeusi juu ya nyeusi, herufi ndogo kama za onyo kwenye pakiti, na aliyeiandika hivyo naye nitamkasirikia mpaka siku ya mwisho. Lakini ilikuwapo. Ilikuwapo siku zote, na mimi nilikuwa naipapasa kwa mkono wangu unaojua kila kitu.

"Mimi nilikaza hapo, ikalia, nikaenda kula," akasema. "Miaka yote hii nilidhani labda nilikosea mimi. Nilikuwa siwezi hata kumtazama Rajabu."

"Inawezekana ilipasuka yenyewe. Joto," nikasema. Bado nilikuwa najitetea, mnaona.

Neema hakubishana. Alichukua kifuniko kipya stoo, akaenda kwenye ile injini mbovu ya aina ileile iliyo uani, akakifunga, akakaza mpaka spana yake ikalia. Kisha akanipa ya kwangu. "Weka robo, mzee. Kama siku zote."

Nikaweka. Niliweka kama nilivyofundishwa, polepole, macho nimefumba, nasikiliza kwa kiganja. Mkono haukuniambia kitu. Ulisema pamekaa vizuri. Neema akakifungua, akakishika kwenye jua, na pale penye alama ya jino palikuwa na mstari mmoja mwembamba kama unywele unaoshuka kuelekea kwenye meno. Ule mkono uliokuwa unatofautisha kumi na nane na kumi na tisa gizani umepasua kitu na haukusikia. Injini ikipata moto na mzigo mlimani, ule unywele unakuwa mdomo, na pampu inamwaga oili yote nje kabla mtu hajamaliza kona. Kama alivyosema Rajabu kwenye simu. Kama alivyoapa.

Nilikaa chini pale uani. Sikuwahi kuona aibu ya namna ile, na nimeshawahi kuangusha giaboksi mguuni kwa bosi.

Nilimwambia Bwana Dilip kwanza. Alisikiliza mpaka mwisho, akaitazama ile spana mezani na mabaki ya doa lake jekundu. "Fundi," akasema, "nilikuuliza wewe kwa sababu nilikuamini wewe." Hilo liliniuma kuliko kama angenitukana. Akasema yuko tayari kumwita Rajabu, kuna lori linahitaji dereva.

Nikaenda kumtafuta Rajabu. Nilimkuta asubuhi anashusha majora mbele ya duka, jasho linamtoka. Aliniamkia. Safari hii sikutazama madukani. Nikamweleza yote, robo, mchoro, namba nyeusi, nikamweleza na lori la Bwana Dilip. Alikuwa ameegemea kirikuu, anasikiliza bila kubadilika uso.

"Sasa Fundi," akasema mwishowe, "ulinisema mbele ya watu. Leo unaniambia peke yangu, pembeni ya kirikuu?"

Nikashusha jora moja, nikaliweka chini.

"Habari ya lori baadaye. Mimi nilibandikwa ukutani, Fundi. Wanangu waliambiwa shuleni. Wewe andika, kwa mkono wako, bandika palepale. Nitakuja kusoma."

Basi hayo ndiyo mambo ya kazi mliyoniomba. Bado nasema plastiki ni tusi, na wanaoichora waje wapande Kitonga na sisi mwezi wa kumi na mbili kwenye joto. Lakini adui nimeshamtaja na hakuwa plastiki peke yake. Robo ya mzee imeisha leo. Kwenye chuma, kwenye plastiki, kote. Ikilia spana ya Neema, achieni hapo, na someni kitu kabla hamjakishika. Ile spana yangu nimemwachia yeye, si ya kukazia, aitundike.

Rajabu hakuua injini. Aliona taa akazima, kama dereva anavyopaswa. Injini niliiua mimi kabla haijatoka getini, na alipokuwa mlangoni na kofia mkononi nikammaliza na yeye.

Karatasi hizi nazibandika kwenye ubao, juu ya birika la chai, mahali ilipokuwa barua yake. Atakuja Jumamosi. Mkimwona mwanamume amesimama pale na funguo za kirikuu mkononi, msimuulize anamtaka nani. Anasoma polepole. Mwacheni amalize.